Unguja hadi Pemba kwa Caravan: kilomita 125 angani, na hesabu ya safari nzima

Tiketi inasema dakika 30, na dakika 30 ni kweli. Lakini anayeuliza kama ndege ya Pemba inastahili nauli yake hatalipata jibu kwenye dakika hizo. Jibu lipo kwenye mizani ya kaunta, kwenye saa ya kuondoka aliyoichagua, na kwenye kijiji anachokwenda akishashuka Wawi. Huduma tunayoitathmini hapa ni ya ndege ndogo za injini moja, Cessna Caravan, zinazorushwa na makampuni kama Auric Air na As Salaam Air kati ya visiwa vyetu viwili. Nauli na ratiba zinatofautiana baina ya kampuni na kampuni, ila chombo ni kilekile na njia ni ileile, kwa hivyo mengi ya humu yanamhusu kila abiria.

Tuanze na masafa, maana hapo ndipo makosa yanapoanzia. Kutoka kiwanja cha Abeid Amani Karume, Kisauni, hadi kiwanja cha Pemba kilichopo Wawi, mstari ulionyooka una urefu wa kilomita 125 hivi, sawa na maili za bahari 68. Alama ya kiwanja cha Unguja ni ZNZ, ya Pemba ni PMA. Zishike herufi hizo. Ukiandika neno "Pemba" peke yake kwenye tovuti ya tiketi au ya kupima masafa, mara nyingi unaletewa mji wa Pemba wa Msumbiji, ambao alama yake ni POL na upo zaidi ya kilomita 750 kusini. Ukiona tovuti inakwambia Unguja hadi Pemba ni saa kumi na kitu kwa kubadilisha ndege mara mbili, au nauli yake imepita kiasi, angalia herufi tatu kabla ya kulaumu kampuni. Tiketi ya POL ikishalipiwa, kurejeshewa pesa ni shughuli ndefu. Na kiwanja cha Wawi nacho kilikuwa kikiitwa Karume kwenye baadhi ya ramani za zamani, kwa hivyo jina la kiwanja halikusaidii. Herufi ndizo zinazosaidia.

Kwa kulinganisha: Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita 73, Dar hadi Pemba moja kwa moja ni kama 191, na Tanga hadi Pemba ni 84 tu. Angalia jambo moja katika tarakimu hizi. Ndege ya kutoka Dar inayopitia Unguja inakwenda kilomita 198 kwa jumla, saba tu zaidi ya ile isiyopitia. Kinachokula muda si ule mpindo wa njia. Ni kushusha watu, kupakia wengine, kupanga upya mizigo na kusubiri zamu ya kuruka, na hiyo ni nusu saa kwa urahisi.

Tovuti za kupima muda zina kasoro nyingine. Nyingi huchukua masafa, zikagawa kwa kasi ya jeti, kilomita 800 kwa saa au zaidi, kisha zikaongeza dakika 30 za kuruka na kutua. Kwa Pemba hesabu hiyo inatoa dakika 39 au 40, na mtu akiona inakaribia ya kwenye tiketi anaiamini. Imekaribia kwa bahati. Hakuna jeti kwenye njia hii. Barabara ya kurukia ya Wawi ni kama kilomita moja na nusu, nusu ya ile ya Kisauni. Jaribu hesabu hiyohiyo kwa Dar na Unguja utapata dakika 35, wakati Caravan huchukua kama 20.

Hesabu sahihi ni hii. Caravan ikishatulia angani huenda kama kilomita 305 kwa saa. Kilomita 125 kwa kasi hiyo ni dakika 25. Ongeza dakika chache kwa sababu inapopanda inakwenda polepole zaidi, ongeza na zile za kujongea kutoka maegesho hadi mwanzo wa barabara ya kurukia, unafika kwenye 30 hadi 35. Kisauni kuna jambo moja linaloweza kuongeza dakika bila ya mtu kuelezwa. Ndege kubwa ikiruka huacha nyuma yake hewa inayozunguka kwa nguvu, na ndege nyepesi haitakiwi kuingia humo. Caravan ikiruka nyuma ya ndege kubwa inasubiri dakika mbili, na ikiwa inaanzia katikati ya barabara ya kurukia badala ya mwanzoni, inasubiri tatu. Msimu wa watalii, ndege za Ulaya zikipangana, subira hiyo hujirudia. Abiria anayeona ndege imesimama tu na panga linazunguka asifikiri kuna hitilafu.

Upepo nao una sehemu yake, na kwa njia hii unasomeka vizuri kwa sababu njia yenyewe inaelekea kaskazini-mashariki. Kusi likivuma unakwenda Pemba ukisukumwa na unarudi ukipingwa. Kaskazi ni kinyume chake. Chukua upepo wa maili za bahari 20 kwa saa: ukiwa mgongoni, dakika 25 zinakuwa 22, ukiwa usoni, zinakuwa 28. Tofauti ya kwenda na kurudi ni dakika sita. Kwa jahazi tofauti ya misimu hii ni ya siku nzima, kwa ndege ni ya kumaliza kikombe cha chai. Kwa hivyo ukisikia ndege imechelewa saa moja "kwa sababu ya upepo", jua kwamba upepo peke yake haufanyi hivyo. Mvua nzito ya masika inayofunga kiwanja, hiyo inafanya.

Ndege ya panga mbili kama ATR 72 inakwenda kasi zaidi, kama kilomita 500 kwa saa, lakini kwa masafa mafupi hivi inaokoa dakika tano hadi kumi tu. Sababu ya kuichagua ikipatikana ni nafasi ya mizigo na utulivu ndani; muda usiuhesabu.

Ndani ya Caravan, matarajio yawe ya kweli. Viti ni 12 au 13, ujia ni mwembamba, unaingia umeinama. Hakuna choo. Injini inaunguruma kiasi kwamba mazungumzo ni ya kupaziana sauti; vizibo vya masikio, hata pamba, vinasaidia. Chumba hakishikilii hewa ya shinikizo kama jeti, lakini kwa safari fupi hii ndege haipandi sana, hivyo mtu mzima mwenye afya hahisi kitu zaidi ya masikio kuziba kidogo. Asubuhi hewa inakuwa tulivu. Kuanzia saa sita mchana nchi kavu inapopata moto, mawingu hujijenga juu ya visiwa na ndege hurukaruka kwa dakika chache baada ya kuondoka na kabla ya kutua. Katikati, juu ya maji, hutulia. Mwenye kichefuchefu achague safari ya kwanza na akae usawa wa mbawa, si kiti cha nyuma kabisa.

Kiti cha dirishani upande wa kushoto ndicho bora wakati wa kwenda. Ukiuchora mstari ulionyooka, ndege inakatiza Unguja kati, inaiacha Ghuba ya Chwaka kulia, inatoka pwani maeneo ya Kiwengwa na Pwani Mchangani, kisha Mnemba inaonekana kushoto na pete yake ya matumbawe. Baada ya hapo ni kama kilomita 60 za bahari tupu, karibu nusu ya safari, maji yakigeuka kutoka feruzi hadi buluu nzito ghafla, kama kitambaa kilichochovywa nusu. Ardhi inayofuata ni ncha ya kusini ya Pemba, visiwa vidogo na mikoko, Mkoani ikiwa kushoto. Rubani akipangiwa njia nyingine ya kuingilia mandhari hubadilika, ila kushoto bado kuna uwezekano mkubwa zaidi.

Sasa hesabu ya mlango hadi mlango, ambayo kwa maoni yetu ndiyo peke yake inayofaa kulinganishwa na boti. Kutoka Mjini hadi Kisauni ni dakika 20 hadi 30 kwa gari, zaidi kwa daladala ya 505. Fika kiwanjani saa nzima kabla. Nusu saa angani na kujongea. Robo saa kupokea begi. Robo saa nyingine kutoka Wawi hadi mji wa Chake Chake, au Chake tu, kilomita sita au saba. Jumla ni saa mbili na nusu, bila kuchelewa.

Boti za mwendo kasi hadi Mkoani huchukua kati ya saa mbili na nusu na tatu, na zaidi bahari ikichafuka. Watu wengi hawajui kwamba safari ya baharini hadi Mkoani, kwa kuzunguka Nungwi, ni kama kilomita 105 hivi. Yaani boti inakwenda masafa mafupi kuliko ndege, kwa sababu Mkoani ipo kusini na magharibi zaidi ya Wawi. Ongeza saa moja ya kufika bandarini mapema, na kwa anayekwenda Chake ongeza kilomita 30 za barabara. Inakuwa kama saa tano. Meli kubwa ya usiku ni saa sita au zaidi, lakini unalala na unafika asubuhi.

Kwa hivyo hukumu yetu inategemea unakokwenda. Kwa Chake, Wawi, Vitongoji na Pujini, ndege inakata safari nusu na inastahili pesa yake kama una shughuli ya siku moja. Kwa Wete, ndege bado inashinda lakini ukishashuka una kilomita nyingine 30 na zaidi, na teksi ya kiwanjani kwa masafa hayo si rahisi. Panga gari kabla, au chukua usafiri hadi Chake kisha panda daladala ya Wete. Kwa Mkoani na Kengeja hatuoni sababu ya kulipa nauli ya ndege, ambayo ni mara kadhaa ya daraja la kawaida la boti, ila kwa mgonjwa, mwenye haraka ya msiba, au asiyestahimili mkondo wa Nungwi. Wanaoukumbuka Septemba 2011 na kuzama kwa meli ya MV Spice Islander hawahitaji kuelezwa kwa nini wengine hulipa tu, liwe liwalo.

Jambo linaloharibu safari za watu wengi kuliko yote ni uzito. Kipimo cha kawaida kwenye Caravan ni kilo 15 kwa abiria, na kwa makampuni mengi kilo hizo zinajumuisha mkoba wa mkononi. Watu huona ni ubahili. Si ubahili. Caravan ya kawaida hairuhusiwi kuruka ikiwa na zaidi ya kilo 3,969 kwa jumla. Ondoa ndege yenyewe tupu, ondoa marubani, ondoa mafuta ya safari na ya akiba, kinachobaki ni tani moja na kidogo. Abiria 12 wa kilo 75 wenye mabegi ya kilo 15 ni kilo 1,080. Hesabu imekwisha hapo. Watatu kati yao wakija na kilo 30 badala ya 15, ama kuna mizigo itakayobaki ama kuna mtu atakayebaki. Ndiyo maana baadhi ya kaunta humtaka abiria mwenyewe apande mizani, na anayepangiwa kiti cha mbele au cha nyuma asigombe, kwani uzito unatakiwa pia kusawazishwa mbele na nyuma.

Umbo la begi nalo lina neno. Mizigo huingia kwenye sanduku refu lililofungwa chini ya tumbo la ndege. Ni fupi kwa kimo na limegawanywa vyumba, na milango yake ipo ubavuni. Mpakiaji anapiga goti na kusukuma mabegi moja baada ya jingine mpaka mkono wake unazama hadi begani. Begi laini linakunjika na kufuata nafasi. Sanduku gumu la magurudumu linaziba mlango na nyuma yake panabaki patupu. Sanduku hilo ndilo linaloachwa kwa ndege inayofuata hata kama uzito wake ni sawa na wa wenzake. Kama unahitaji kilo zaidi, piga simu siku moja kabla ulipie mapema. Kwenye kaunta, ndege ikiwa imejaa, hata pesa hazisaidii. Dawa, hati na chaja viwe kwenye mkoba unaopanda nao.

Wakati wa kurudi, tatizo ni zawadi. Halua ya Wete ni nzito kuliko inavyoonekana: vikapu vitatu vya ukili vya kilo mbili mbili vimeshakula kilo sita kati ya zako 15, na mafuta yake hupenya ukili yakafika kwenye nguo. Ifunge kwa karatasi ngumu kisha iweke kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Samaki wabichi na doriani wapelekwe kwa boti. Karafuu usizitie kabisa kwenye begi bila kibali. Ni zao la ZSTC, Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, na ukaguzi hauna mzaha.

Saa. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu: 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, 13:30 ni saa saba na nusu mchana. Kosa la kusoma 07:00 kuwa saa saba mchana bado linatokea, hasa mtoto anapomkatia tiketi mzee wake na kumsomea kwa simu. Mwandikie kabisa: "Bibi, uwe kiwanjani saa kumi na mbili asubuhi, ndege saa moja."

Chagua safari ya kwanza ya siku kila unapoweza. Ndege moja hufanya mizunguko mingi, Dar, Unguja, Pemba na kurudi, na kila ucheleweshaji wa asubuhi hubebwa hadi jioni ukiongezeka. Safari za ndege hizi zimepangwa mchana, na jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Safari ya mwisho ikichelewa sana, inaweza kuahirishwa hadi asubuhi, na hoteli ya Chake usiku huo huenda ukailipia mwenyewe. Hapa ndipo huduma ina udhaifu wa kweli. Saa ya kuondoka inaweza kusogezwa, mara nyingine mbele na mara nyingine nyuma, na taarifa huja kwa ujumbe wa simu au haiji. Namba iliyoandikwa kwenye tiketi iwe ya anayesafiri, si ya aliyelipa.

Anayeunganisha na safari ya nje ya nchi aache saa tatu hadi nne Kisauni, na kama safari ni ya tiketi mbili tofauti, bora aje Unguja siku moja kabla. Kampuni ya ndege kubwa haina wajibu kwako ukichelewa kwa sababu ya Caravan ya kampuni nyingine. Safari za nje zipo Terminal 3, jengo tofauti na la safari za ndani, na begi lako halihamishwi kwa niaba yako; unalichukua na kulipeleka mwenyewe.

Kitambulisho kiwe mkononi: cha Mzanzibari Mkaazi, cha NIDA, au pasipoti. Jina la tiketi liwe lile la kwenye kitambulisho, kwa mpangilio uleule wa majina. Nauli ya mkaazi inapokuwepo hutolewa kwa anayeonyesha kitambulisho, na ukikisahau unaweza kudaiwa nyongeza papo hapo.

Kwa mgonjwa anayeletwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mwenye kuweza kukaa anasafiri vizuri, ila aelezwe ngazi ni finyu na hakuna lifti ya kumpandishia. Asiyeweza kukaa hawezi kupanda safari ya kawaida, kwani machela haiingii bila kung'olewa viti. Hilo hupangwa na kampuni mapema na hulipiwa viti kadhaa. Mwenye kutumia oksijeni asije na mtungi wake kiwanjani bila kuuliza, kwani hautapandishwa. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati ndege inapanda na hasa inaposhuka, ili masikio yafunguke. Kushuka kwa Pemba huanza dakika kama kumi kabla ya kutua, mara tu ncha ya kusini inapoonekana dirishani, na huo ndio wakati wa kumwamsha.